Dhana Zinazobeba Mzigo: Mhadhara Kuhusu Makadirio ya Biashara



Watu wengi wanaotaka kujifunza makadirio ya biashara hutaka wafundishwe hesabu: namna ya kukokotoa wastani, namna ya kupanga jedwali la Excel, namna ya kuchora mstari wa mauzo ya mwaka ujao. Hayo yana umuhimu wake na walimu wake wapo. Mimi nimekuja kuzungumzia kinachotangulia hesabu, yaani yale tunayoyachukulia kuwa ni kweli kabla hatujaandika tarakimu ya kwanza.

Msimamo wangu nautaja mapema. Makadirio mengi yanayoanguka huwa yamejumlishwa vizuri kabisa. Huangushwa na dhana ambazo hakuna aliyeziandika, hakuna aliyekabidhiwa kuzichunga, na hakuna aliyethubutu kuzihoji. Ushahidi mkubwa wa jambo hili hatuna haja ya kuutafuta mbali. Uko Kongwa, mwendo usiofika kilomita mia moja kutoka hapa Dodoma tulipoketi.

Karanga za Kongwa

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na wananchi wake wakiyapata kwa mgao. Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine huku Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, ambaye aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa wiki tisa hivi, safari nyingi zikiwa za ndege, kisha ukatoa ripoti. Zifyekwe ekari 3,210,000. Zigawanywe katika mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 80 yawe Tanganyika, na yaliyobaki yawe Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi, kwa kipindi cha miaka sita.

Mwaka 1947 kazi ilianza. Shabaha ya mwaka wa kwanza ilikuwa ekari 150,000. Zilizopatikana ni kama ekari 7,500, yaani sehemu moja kati ya ishirini. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulivunjwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni kama hasara.

Ni rahisi kusema kwamba waliopanga hawakuwa na akili. Kusema hivyo hakutufundishi lolote, na wala si kweli, kwa kuwa walikuwa watu wenye elimu na uzoefu. Lenye faida kwetu ni kuifungua ile pauni milioni 24 na kutazama imesimama juu ya nini.

Dhana ya kwanza ilikuwa mvua. Mpango ulichukulia kwamba mvua ya Kongwa inatosha karanga, na kwamba itanyesha kwa wakati. Kumbukumbu za vipimo vya mvua vya miaka mingi hazikuwapo. Lakini kumbukumbu za watu zilikuwapo. Wagogo walikuwa na jina maalumu, Mtunya, kwa ile njaa kubwa iliyoiteketeza Ugogo mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia na miaka iliyofuata. Watu wanaoipa njaa jina wanajua kitu kuhusu mvua yao. Vilevile hawakuwa wamewafanya ng'ombe kuwa akiba yao kwa bahati tu. Kuuliza si ujinga, na swali hili la mvua lingeweza kuulizwa bila gharama yoyote.

Dhana ya pili ilikuwa udongo. Hapa naomba tusogee karibu tuutazame mmea wenyewe. Ua la karanga huchanua juu ya ardhi, lakini likishachavushwa, kikonyo chake hurefuka, huinama na kuingia udongoni, na punje hukomaa humo. Kwa hiyo karanga inautegemea udongo mara mbili: uwe laini kikonyo kipenye, na ubaki laini hadi siku ya kung'oa. Udongo wa Kongwa ukilowa hulimika. Jua likiupiga, unakauka na kuwa mgumu kama tofali, na jua lenyewe hupiga wakati ule ule wa mavuno. Tena umechanganyika na chembechembe ngumu za mchanga zinazokula chuma, hata majembe ya matrekta yakawa yanaisha makali upesi kuliko ilivyokadiriwa.

Dhana ya tatu ilikuwa mashine. Baada ya vita matrekta mapya yalikuwa adimu, wakanunua masalia ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yamelala Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Jedwali lilihesabu trekta moja kuwa trekta moja, bila kutofautisha lililokaa mvuani na lililotoka kiwandani. Ndani ya miezi michache sehemu kubwa ya mashine hizo zilikuwa zimekufa.

Dhana ya nne ilikuwa njia. Bandari ya Dar es Salaam na reli ya kati zilidhaniwa kuwa zitabeba mzigo wote. Bandari ikafurika, na mafuriko yakakata reli. Kwa upande wa kusini, ambako mpango ulifika pia, ilibidi bandari mpya ijengwe Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mpango ulioidai kufa.

Dhana ya tano ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote: kwamba hakuna haja ya kuanza na shamba dogo la majaribio. Shamba la misimu miwili ya mvua lingezijibu dhana ya kwanza na ya pili kwa gharama ndogo sana.

Hesabu ya dhana nyingi

Tuseme kila moja kati ya dhana hizi tano ilikuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kutimia. Mtu akiambiwa asilimia 80, huona jambo limekaa vizuri. Lakini mpango ulihitaji zote tano zitimie kwa pamoja. Zidisha 0.8 kwa 0.8 mara tano utapata 0.33 hivi. Mpango uliojengwa na dhana tano nzuri una nafasi moja tu katika tatu ya kwenda ulivyoandikwa.

Hapo tumechukulia kwamba kila dhana inasimama peke yake. Kongwa hazikusimama peke yake. Bandari ilipofurika, vipuri vilichelewa. Vipuri vilipochelewa, matrekta yalilala. Matrekta yalipolala, msimu wa kupanda ulipita. Dhana moja ikianguka huvuta nyingine. Kwa hiyo mkadiriaji makini hatosheki na kuorodhesha dhana zake. Huuliza pia ni ipi inayoshikana na ipi.

Waliofanya kazi ya mipango katika taasisi ya RAND ya Marekani, hasa James Dewar, walizipa uzito wa pekee dhana zinazobeba mzigo. Hizo ni zile ambazo zikianguka, mpango mzima lazima ubadilike. Katika mpango wowote dhana ni nyingi mno, na mwenye biashara hawezi kuzichunga zote. Kazi yake ya kwanza ni kuzijua zile chache zinazobeba.

Kinu cha alizeti

Tuutazame sasa mpango wa kawaida wa hapa kwetu. Mfano huu nimeubuni, na tarakimu zake nimezifanya nyepesi ili tuweze kuhesabu pamoja.

Mjasiriamali anataka kufungua kinu cha kukamua alizeti. Mashine inakamua tani 10 kwa siku. Ameandika siku 250 za kazi kwa mwaka, sawa na tani 2,500. Kila tani, baada ya kulipia mbegu, umeme na vifungashio, na kuhesabu mashudu anayouza, anabakiwa na shilingi 100,000. Jumla shilingi milioni 250. Gharama zisizobadilika, yaani mishahara, pango na marejesho ya mkopo wa benki, ni milioni 150. Faida ni milioni 100, na mkopo unaonekana kulipika.

Mjasiriamali huyu atatumia siku nyingi kubishana juu ya bei ya chupa na mshahara wa mlinzi. Mzigo haukai hapo. Umekaa kwenye tarakimu iliyoandikwa haraka haraka: siku 250. Mashine inaweza kusaga siku 250, lakini mbegu je? Alizeti huvunwa kwa msimu, na wanunuzi wote huingia vijijini kwa wakati mmoja. Asiye na fedha taslimu ya kununua na ghala la kuhifadhi wakati huo, baada ya miezi michache anabaki na mashine iliyonyamaza. Akipata mbegu za siku 120 tu, anakamua tani 1,200, anapata milioni 120, na anamaliza mwaka na hasara ya milioni 30. Ili asipate faida wala hasara anahitaji tani 1,500, sawa na siku 150.

Kumbe swali la biashara hii ni moja: je, nina fedha na ghala la kununua tani 1,500 wakati wa mavuno? Swali hilo halikuwamo kabisa kwenye jedwali. Lilikuwa limefichwa ndani ya tarakimu 250.

Lipo na la pili. Bei ya mafuta ya alizeti sokoni hushindana na mafuta ya mawese yanayotoka nje, na ushuru wa mafuta hayo huweza kubadilishwa katika bajeti inayosomwa Juni na kuanza kutumika Julai. Mabadiliko hayo yakimshushia bakaa ya tani moja kutoka shilingi 100,000 hadi 60,000, basi hata akisaga siku zote 250 anapata milioni 150, na faida ni sifuri. Dhana hii hawezi kuitawala. Anachoweza ni kujua tarehe yake, na kuacha kununua mbegu kwa pupa mwezi Mei kana kwamba Juni haipo.

Senario si ramli

Kuna dhana ambazo hata ukizichunguza namna gani, huwezi kujua zitakavyokwenda. Hapo ndipo senario zinapokuja, yaani masimulizi mawili au matatu ya kesho zinazotofautiana, kila moja ikiwa na mantiki yake.

Mfano unaosomwa sana ni wa kampuni ya Shell. Mwishoni mwa miaka ya 1960 biashara ya mafuta ya petroli ilikuwa imezoea dhana moja: mahitaji yataongezeka kila mwaka, na mafuta yataendelea kuwa rahisi. Pierre Wack, Mfaransa aliyekuwa katika idara ya mipango ya Shell mjini London, na wenzake, waliacha kurefusha mstari wa grafu wakaanza kuuliza watu wanataka nini. Serikali za nchi zinazochimba mafuta zinataka nini? Waliona kwamba baadhi yake zilikuwa zikipata fedha nyingi kuliko zinavyoweza kutumia. Nchi ya namna hiyo ina sababu gani ya kuendelea kuongeza uchimbaji kwa bei ya chini? Mwaka 1972 waliwawekea wakuu wa kampuni senario, mojawapo ikiwa ya kupanda ghafla kwa bei. Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na kufikia Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda karibu mara nne.

Wack hakutabiri vita wala tarehe yake. Alichofanikiwa ni kuwafanya mameneja wawe wamekwisha kuifikiria hali hiyo kabla haijafika, na ilipofika waliitambua mapema kuliko washindani wao.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ofisi nyingi zinaandika senario tatu kwa namna isiyosaidia: ya wastani, kisha ile ile ukiongeza asilimia 10, kisha ile ile ukitoa asilimia 10. Hiyo ni senario moja iliyopakwa rangi tatu. Senario za kweli hutofautiana kwa sababu dhana kuu zimegeuka. Kwa kinu chetu, ya kwanza inaweza kuwa mwaka wa mavuno mengi na ushuru wa kulinda viwanda vya ndani. Ya pili, mavuno mengi huku mafuta ya nje yakiingia kwa bei ya chini. Ya tatu, ukame. Kila moja inadai uamuzi tofauti: katika ya kwanza unajaza ghala, katika ya pili unanunua kidogo kidogo, katika ya tatu unakodisha mashine au unasaga zao jingine.

Wack alifundisha pia kutenganisha yasiyojulikana na yaliyokwisha kuamuliwa ingawa hayajafika. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Watoto waliohesabiwa mwaka huo ndio watakaotafuta shule za sekondari, simu, chakula na ajira miaka ya mbele. Hilo halihitaji senario. Linahitaji mtu wa kulitia katika hesabu.

Kuijaribu dhana kabla ya kuilipia

Nimesema ubaya mkubwa wa Kongwa ulikuwa kukosa jaribio. Kenya inatupa mfano wa kinyume chake. Mwaka 2005 huduma ya M-Pesa ilianza kujaribiwa kwa wateja mia kadhaa. Dhana ya mwanzo ilikuwa kwamba wakopaji wa taasisi ya fedha ya Faulu watatumia simu kupokea na kurejesha mikopo yao midogo. Jaribio likaonyesha kingine: watu walikuwa wakitumiana fedha, wakilipana katika biashara, na kuzitunza humo wanaposafiri. Waliosimamia jaribio hawakung'ang'ania dhana yao ya kwanza. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya kutuma fedha, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imevuka wateja milioni moja.

Kama wangezindua nchi nzima moja kwa moja kwa dhana ya marejesho ya mikopo, wangejenga huduma nyingine kwa gharama kubwa. Wateja mia kadhaa waliwafundisha ambacho hakikuwamo katika ripoti yoyote. Kwa hiyo kila mara mkiona dhana inayobeba mzigo, ulizeni: tunaweza kuijaribu kwa gharama gani ndogo, na kabla ya malipo gani makubwa?

Daftari la dhana

Napendekeza utaratibu ambao duka, chama cha ushirika na kampuni kubwa vyote vinaweza kuufuata. Kila mpango uwe na daftari lake la dhana, na kila dhana iandikiwe mambo matano. La kwanza, dhana yenyewe kwa sentensi moja inayoweza kuthibitishwa au kukanushwa. "Soko litakuwa zuri" haithibitishiki. "Tutapata tani 1,500 kabla ya mwisho wa Agosti" inathibitishika. La pili, chanzo chake: imetoka kwenye vipimo, kwa mkulima, kwa muuzaji wa mashine mwenye maslahi yake, au kichwani mwetu tu? La tatu, mwenye kuichunga, kwa jina lake, kwa maana dhana ya wote haina mwenyewe. La nne, siku ya kuitazama tena. La tano, mpaka: ikifika tarakimu gani tutakiri kwamba imeanguka, na tutafanya nini.

Hilo la mwisho liandikwe wakati vichwa vimetulia, kabla fedha haijaingia. Fedha ikishaingia, kila mmoja hupata sababu ya kungoja mwezi mmoja zaidi.

Daftari halitasaidia kitu kama ofisi imejaa woga. Tunaijua tabia hii: mkubwa anataja lengo, na vijana wa idara ya mipango wanarudi mezani kutafuta dhana zitakazolifikia. Mauzo hayatoshi? Ongeza idadi ya wateja. Bado? Punguza gharama za usafiri. Jedwali linafungwa, mkubwa anafurahi, na hakuna aliyesema uongo waziwazi. Lakini makadirio yameandikwa kinyumenyume. Ninyi mnaoongoza, mlango huu mnaoweza kuufunga ni ninyi. Kabla ya kupitisha mpango, waambieni wenzenu: tuseme miaka miwili imepita na mpango huu umeshindwa, kila mtu aandike sababu. Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, ameueneza sana utaratibu huu. Nguvu yake ni kwamba unampa mdogo ruhusa ya kusema alichokiona bila kuonekana mpinzani. Na mjumbe mmoja katika kikao hicho atoke pale mpango utakapotekelezwa: mkulima, dereva, muuza duka.

Hitimisho

Mpango wa Kongwa ulipokwisha, ardhi haikubaki bure. Iligeuzwa kuwa ranchi, na hadi leo inafuga ng'ombe. Ardhi ile ilifaa zaidi kwa kazi ambayo wenyeji walikuwa wakiifanya tangu hapo. Jibu hilo liligharimu zaidi ya pauni milioni 36, na lilikuwapo bure mwaka 1946.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Mkirudi kwenye kazi zenu, chukueni mpango mmoja ambao fedha zake bado hazijatoka. Tafuteni dhana mbili au tatu zinazoubeba. Ziandikeni, zipeni wenyewe na tarehe, kisha mwende mkamuulize mtu anayeishi na jambo hilo kila siku. Akiwajibu msilopenda, badilisheni mpango wakati kubadilisha bado ni kazi ya kalamu na karatasi.